Njoo Uone Taa ya Kwenu

Kijiji cha Daheyu,
Wilaya ya Yishui,
Shandong.

26 Januari 1999, siku ya kumi ya mwezi wa mwisho kwa kalenda ya wazee, mwaka wa Chui unakata roho.

Mpendwa wifi yangu Suqin,

Hujambo huko? Hujambo na baridi ya Urumqi? Sisi huku hatujambo, tunakula, tunalala, tunagombana, kwa hiyo jua tu wazima. Kifua chako je? Kile kikohozi chako cha tangu usichana bado kinakuamsha alfajiri? Kama kinakuamsha, chemsha peari na sukari uinywe moto moto, usijifanye mgumu. Na mikono? Mpika tambi mikono yake haikauki, najua. Paka mafuta ya nguruwe kabla hujalala, hata kama yananuka, nani wa kukunusa? Na hicho kimkahawa chako kinaendaje, wateja wapo? Wanakulipa au wanakuchekea tu?

Barua hii naandika mimi mwenyewe, Caiying. Ukiona mwandiko umelala kama mahindi yaliyopitiwa na upepo usicheke, unajua shule niliishia darasa la tatu, tena lile darasa la tatu lenyewe nilikuwa nakwenda siku za mvua tu. Dekun alitaka kuniandikia nikamfukuza. Mambo mengine hayapiti kwenye mkono wa mtoto wako wa kuzaa. Nimekaa jikoni tangu asubuhi, karatasi iko juu ya ubao wa kukandia. Ukikuta unga ndani ya bahasha, ndio huo.

Mama hajambo kwa jumla. Meno yamebaki manne, na yote manne anayatumia kunisema mimi. Miguu ipo. Kula anakula. Shida ni macho, wifi. Mtoto wa jicho ameshika macho yote mawili. Daktari wa mjini alisema moja linaweza kupasuliwa likaona, Mama akamwambia kisu chako kikisogea kwenye jicho langu, fimbo yangu itasogea kwenye kichwa chako. Basi tukarudi. Sasa mchana anaona vivuli, taa ikiwashwa haoni tofauti. Watu anawatambua kwa hatua zao. "Huyo Maosheng, anaburuta kisigino." "Huyo Caiying, ardhi inalia." Mimi! Eti ardhi inalia! Nimenenepa kidogo, sikatai, lakini ardhi kulia?

Zabibu zako zilifika, kila mwaka zinafika. Anazitia kwenye soksi, soksi chini ya mto, halafu anazigawa kama mfalme. Ukimfurahisha unapata tatu. Mimi tangu mwezi wa nane nimepata sita, tena tatu alinipa akidhani mimi ni Dekun. Kwenye kifurushi naona umeandika jina la Mama, la kaka yako, na la Dekun. Langu halipo. Silalamiki, wifi. Ningekuwa wewe nisingeandika hata jina la kijiji.

Habari nyingine, Dekun ameoa! Mwezi wa nne mwaka huu. Mke anaitwa Xiaohe, mtoto wa mjini, baba yake fundi pikipiki. Mdomo anao, mweh! Siku ya kwanza nilimwambia chumvi imezidi, akaniambia, "Mama, imezidi kwenye bakuli lako tu, labda ulilia ndani." Nikampenda hapo hapo. Ana mimba, na mtoto anatarajiwa mwezi wa kwanza wa mwaka unaoingia, kwa hiyo atakuwa wa mwaka wa Sungura. Tumbo limechongoka mbele, wanawake wote wa kisimani wamepitisha kwamba ni wa kiume. Mama amelipapasa kasema wa kike. Na Mama hajakosea hata mara moja, isipokuwa kwako tu, wewe alisema mvulana.

Haya. Nimekwenda nikaongeza kuni, nimerudi. Nilikuwa nazunguka zunguka na habari za zabibu kwa sababu ninachotaka kukuambia ni kizito.

Nataka kusema ya siku ile, wifi. Wewe unaikumbuka, najua, lakini uliiona ukiwa upande wako wa mlango. Upande wangu hujawahi kuusikia.

Mwaka wa Jogoo ulikuwa unaingia, leo miaka sita. Siku ya thelathini, ya mwisho ya mwaka, jua limeshainama. Kaka yako na Dekun walikuwa wametoka makaburini kuwakaribisha wazee wetu waje kula mwaka na sisi, na baba yako akiwa mmoja wao. Vijiti vya udi vinawaka ndani, bakuli zao zimepangwa. Kaka yako akanipa ule mti wa kizingitini wa kila mwaka, akaniambia kaulaze mlangoni, wazee wasitoke na nuksi isiingie. Nikainama nikaulaza. Nainuka, nakuona.

Umesimama na sanduku la kijani, lile tulilokununulia kwa arusi yako, umelifunga kamba katikati. Sikuhitaji kuambiwa, maana Mama Qiao wa ng'ambo ya njia alishanihadithia tangu mwezi wa tisa kwamba mumeo anataka kukuacha kwa kukosa mtoto, kwamba miaka saba ni mingi. Nikajua ameshakuacha.

Na wewe unajua sheria kama ninavyoijua mimi. Binti aliyeolewa haoni taa ya kwao usiku wa kuamkia mwaka. Akiiona, kaka yake anafilisika na nyumba inavamiwa na nuksi mwaka mzima. Anakuja siku ya tatu ya mwaka mpya, wazee wameshasindikizwa, anakuja na mumewe na zawadi mkononi, anakula, anarudi kwake. Mimi mwenyewe tangu niolewe sijaiona taa ya kwetu usiku ule. Miaka ishirini na minne, wifi. Mama yangu amekufa sijui usiku wa mwaka mpya alikuwa anakaa upande gani wa meza.

Basi nilikuogopa. Nikuambie ukweli, niliogopa nuksi, na nilimwogopa Mama Qiao vile vile. Alikuwa juu ya kigoda anabandika karatasi zake nyekundu mlangoni, mkono wenye gundi umesimama hewani, masikio yamesimama kama ya punda. Nikakuambia, "Wifi, jua linazama, taa zinakaribia kuwashwa." Ndio hilo tu. Sikusema karibu, wala sikusema nenda. Ule mti ulikuwa katikati yetu, unene wake hauzidi mkono wa mtoto, ningeusogeza kwa kidole cha mguu. Ukaniangalia. Ukasema, "Haya wifi. Mwaka mpya mwema." Ukainua sanduku.

Baadaye dereva wa trekta aliyekupeleka mjini alinieleza kwamba ulilala nyumba ya wageni ya mjini, mwenye nyumba amefunga jiko amekwenda kwao, ukala biskuti. Usiku ambao hata mbwa anapewa nyama, binti wa ukoo wa Tian anakula biskuti! Na kesho yake ukapanda gari moshi.

Lakini hilo silo linaloniuma zaidi. Nilipoingia ndani Mama akaniuliza, "Nani alikuwa mlangoni?" Nikamjibu, "Mama Qiao, anaazima gundi." Na Mama Qiao nilimwomba asimwambie mtu, ndilo jambo pekee alilowahi kuficha. Basi. Ilipokuja habari kwamba umeachika na umeshafika Urumqi, Mama akaamini ulitoka kwa mumeo ukaenda moja kwa moja stesheni, bila kupita nyumbani, bila kumuaga. Miaka sita amekaa na hilo. Na kaka yako amekaa na hilo, hakutaka hata jina lako litajwe. Na wewe, kwenye vifurushi vyako vyote, hukusema. Ungeandika mstari mmoja tu ningekwisha. Hukunichoma, wifi. Kila kifurushi kikija nakaa nyuma ya mlango nasikiliza barua iliyomo ikisomwa, na kila mara nakuta umeandika habari za zabibu na hali ya hewa.

Na hiyo bahati niliyoilinda, unataka kuisikia? Sikiliza, ucheke. Mwezi wa tatu nguruwe wote watano waliondoka na homa. Mwezi wa sita kaka yako akaanguka kutoka paa la ghala, akavunja mguu, ndio maana anaburuta kisigino. Mwezi wa nane mvua ya mawe ikapiga karanga zote. Mama Qiao akaja kutupa pole, akasema, "Afadhali Suqin hakuiona taa, maana ingekuwaje!" Nikacheka naye. Alipoondoka nikaenda kulia bandani kwa nguruwe, kwa sababu lilikuwa tupu, nafasi ipo.

Nilikuwa najidanganya na mungu wa jiko. Unajua yeye siku ya ishirini na tatu anapanda mbinguni kusema aliyoyaona humu ndani, sisi tunampaka sukari mdomoni aseme matamu, halafu anarudi usiku wa kuamkia mwaka. Nikasema, aa, Suqin alikuja jioni ya thelathini, mzee bado yuko njiani, hakuona. Nimeponyoka! Mmbea mwenzangu huyo namjua. Lakini alikuta machozi ya Mama jikoni mwaka mzima, wifi, na hayo aliyaona yote.

Sasa nije kwenye ya juzi.

Siku ya nane ya mwezi huu tulikuwa tunakula uji wa nafaka nane, tumekaa wote juu ya kitanda cha udongo chenye moto chini yake, nje theluji. Kila mwaka Mama anasema bakuli lako lijazwe na liwekwe dirishani mpaka lipoe, halafu anakula yeye. Mwaka huu hakulila. Alilishika mikononi akasema, "Mwakani labda hata vivuli sitaviona. Nataka nimuone Suqin kabla macho hayajafungwa. Mwandikieni aje siku ya thelathini, akae hapa ale na watu wake."

Kaka yako akasema, "Siku ya tatu, Mama. Mabinti wanakuja siku ya tatu."

"Wanakuja na waume zao. Yeye aje na nani? Na mbuzi?"

"Mama, mtoto wa Dekun anazaliwa mwezi wa kwanza. Mwaka huu wa kucheza na mambo hayo?"

Xiaohe akadakia na mdomo umejaa, "Mimi nina miwani yangu ya jua, nitamuazima shangazi. Akivaa taa haioni, sheria haijavunjwa." Dekun akamkanyaga mguu. Xiaohe akasema, "Usinikanyage, mimi ni mja mzito."

"Au zimeni taa zote," Mama akasema. "Mimi nimeshazoea giza."

"Nyumba yenye giza usiku wa mwaka mpya!" Kaka yako akashtuka kweli kweli. "Si tutakuwa tumeuita umaskini kwa jina? Mama, tafadhali."

Mama akasema taratibu, kwa ile sauti yake ya chini, na unajua Mama akipandisha sauti hakuna shida, shida ni akishusha. Akasema, "Maosheng. Baba yako kila usiku ule akija kula, ananiuliza binti yake yuko wapi. Miaka sita namwambia aliondoka hakuaga. Amechoka kulisikia. Na mimi nimechoka kulisema."

Wifi, sijui ni nani aliyenifungua mdomo. Nilikuwa nimeshika mwiko. Nikasema, "Aliaga."

Wakanigeukia wote. Nikasema, "Aliaga, Mama. Alifika mpaka mlangoni siku ya thelathini. Mimi ndiye niliyemrudisha. Hakuwa Mama Qiao, hakukuwa na gundi."

Xiaohe akaacha kutafuna, na Xiaohe kuacha kutafuna si jambo dogo. Kaka yako alikuwa ananitazama kama ndio kwanza ananiona. Nikangoja. Nilishajiandaa, nilijua Mama atanirushia bakuli, na nilitaka alirushe.

Mama akaniuliza, "Alikuwa amevaa nini?"

Nikasema, "Koti la bluu, Mama. La pamba. Kifungo cha juu hakipo."

"Glavu?"

"Hana."

Akatikisa kichwa. Akasema, "Baridi ilikuwa kali mwaka ule." Halafu akanipa lile bakuli lako, akaniambia, "Kula wewe. Usilimwage."

Nimekula uji mwingi maishani mwangu, wifi. Ule sikuweza kuumeza na niliumeza.

Kaka yako akashuka kitandani, akavaa viatu, akatoa baiskeli akaondoka kwenye theluji, hakusema anakwenda wapi. Nilijua amekwenda kunywa. Jioni hakurudi. Nikajua sasa nimeachika na mimi, nitakufuata Urumqi nikuoshee bakuli.

Kesho yake, kabla ya saa sita, ni nani anayekuja mbio kwangu? Mama Qiao! Ameshika ubavu, hawezi kupumua. Mtoto wa dada yake ni karani pale ofisi ya polisi ya mjini, wanakoshughulikia madaftari ya kaya, yenye majina ya watu wa kila nyumba. Baiskeli ya kaka yako haijafika, habari imeshafika. Akaniambia, "Caiying, mumeo ana wazimu! Ameleta daftari lenu, anataka jina la Suqin lirudishwe ndani!"

Kumbe alilala kwa binamu yake mjini ili awe wa kwanza mlangoni asubuhi. Karani akamuuliza, huyu ni nani kwa mkuu wa kaya? Akasema, dada. Karani akasema, mzee, dada akishaolewa jina lake huenda kwa mumewe, hiyo ndiyo kawaida, na kama ameachwa si anaweza kubaki huko huko alikokwenda? Kaka yako, unamjua, maneno kwake ni kama meno, hatoi bila kuvutwa. Akamwambia, "Aliachwa mlangoni kwangu mara moja. Inatosha. Nipe karatasi."

Nilimkumbatia Mama Qiao, wifi! Sijawahi kumkumbatia yule mwanamke. Akaniangalia kama nimekunywa.

Kaka yako aliporudi, nyusi zote barafu, aliweka karatasi mezani, ina muhuri wa kijiji tayari, alimuamsha mwenyekiti kwenye usingizi wa mchana. Akasema kwa Mama, si kwangu, mimi bado hanisemeshi vizuri, "Binti aliyeolewa ndiye asiyeiona taa ya kwao. Akishaandikwa humu ni mtu wa nyumba hii, hajaolewa popote. Taa ni yake kama ilivyo yangu. Mwenye kubisha abishe." Halafu akanigeukia, mara ya kwanza tangu uji, "Mama Dekun, mwandikie. Mwambie aje na cheti cha talaka, na yeye mwenyewe, kuweka alama ya kidole. Ofisi inafunga siku ya ishirini na saba kwa ajili ya sikukuu."

Akachukua shoka. Akasema, "Mwambie vizuri." Akatoka kwenda kupasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa.

Kwa hiyo ndio nakuambia vizuri, kadiri ninavyoweza.

Sitakuficha kitu tena, mazoea ya kuficha nimeyaacha. Kisimani wanasema. Mama Qiao ameanza, wengine wakaitikia, kwamba mwanamke asiyezaa akae meza moja na mja mzito, tena usiku kama ule, si kuitafuta ajali? Xiaohe alikuwepo. Akawaambia, "Mama zangu, mtoto wangu bado hana masikio ya umbea, akizaliwa nitamleta mumfundishe." Wakacheka, lakini kicheko cha upande mmoja wa mdomo.

Na mimi naogopa, wifi. Niliyoyanyonya kwa mama yangu hayatoki kwa siku mbili. Usiku nahesabu, mtoto wa kwanza wa Dekun, mjukuu wangu wa kwanza, na huyu msichana nampenda. Likitokea la kutokea, mbingu zipishe mbali, najua jina litakalotajwa. Kwa hiyo jana nimesimama pale kisimani, ndoo mkononi, nikasema kwa sauti waisikie wote na nisiweze kurudi nyuma: "Suqin anakuja, na nimemuita mimi. Jema likija ni lake, baya likija ni langu. Mwenye neno anifuate mimi mlangoni kwangu, si wifi yangu." Mama Qiao akasema, "Caiying, utajuta mwezi wa kwanza." Nikamwambia, "Mama Qiao, mimi nimejuta miezi yote kumi na miwili kwa miaka sita, nimeshajua njia." Akabeba ndoo yake haijajaa akaondoka. Wewe umewahi kumuona Mama Qiao akiwa wa kwanza kuondoka kisimani? Ungekuwepo!

Ungekuwepo, wifi. Hilo ndilo neno linalonijia siku hizi. Nikimuona jogoo kapanda mgongoni kwa nguruwe natafuta wa kumuonyesha. Nilipoolewa hapa nilikuwa nina miaka ishirini na nane... hapana, ngoja, ishirini na sita, nilikuwa mzee wa kuolewa, watu walishanikatia tamaa. Sikumjua mtu. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu, mapua yanachuruzika, ukaja usiku wa tatu ukaniambia, "Wifi, Mama akikufokea usilie, angalia sikio lake la kushoto, linacheza cheza." Nikaliangalia. Lilikuwa linacheza kweli. Sijalia mbele ya Mama tangu siku hiyo. Nilikuja kuolewa na kaka yako, lakini mwenzangu nyumba hii ulikuwa wewe.

Mapambo ya karatasi ya madirishani nayakata mimi siku hizi. Mwaka jana nilikata samaki wawili, Dekun akaniuliza hizo ni soksi? Hakuna aliyejaliwa mkono wako. Tukikunja jiaozi, vile vifuko vya unga vya nyama, zako zilikuwa zinasimama kwenye sinia kama askari, zangu zinalala kama walevi. Usiku wa kuamkia mwaka sarafu ya bahati tunaitia ndani ya moja kama kawaida, na mwaka jana aliyeiuma ni Mama, akapoteza jino la tano. Ndio maana yamebaki manne.

Jioni nikitoka nje kufunga kuku naangalia magharibi. Mwalimu wa Dekun aliwahi kusema kwamba saa zetu na zenu ni moja, lakini jua lenu linachelewa kuzama kwa saa mbili. Basi nasema, Caiying, hapa giza limeshaingia, wifi yako bado ana jua mikononi. Sijui kwa nini hilo linanifurahisha, halafu linanisikitisha papo hapo.

Tumeshaanza kazi. Siku ya ishirini na nne tutafagia nyumba yote, paa mpaka uvungu. Dekun nimemuambia akanyolewe kabla ya mwezi wa kwanza, maana akikata nywele mwezi wa kwanza mjomba anakufa, na kaka zangu bado nawahitaji. Ndiyo, bado naamini hayo, usinicheke. Si yote yanatoka kwa mkupuo. Kile chumba chako cha mashariki nilikuwa naweka viazi. Viazi nimeshavihamisha. Harufu bado ipo kidogo, nimefungua dirisha.

Usibebe zawadi. Usije na kitu mkononi, watu wa nyumbani hawaji na zawadi. Njoo na cheti tu, na mwili wako. Barua hii ikikufikia baada ya wiki, una siku za kutosha za kufunga mkahawa na kukaa kwenye gari moshi. Kama tikiti hakuna, simama. Kama huwezi kusimama, mlilie kondakta, wewe ulikuwa hodari wa kulia ukitaka kitu.

Sijakuomba msamaha kwenye karatasi hii, na usidhani nimesahau. Nimeona kwamba neno hilo likiandikwa linakuwa jepesi sana. Tangu siku ya ishirini na mbili nitakuwa stendi ya mabasi ya mjini kila siku, kuanzia basi la asubuhi mpaka la mwisho, nimevaa koti jekundu unione kwa mbali. Nitakuambia hapo hapo, mbele ya abiria na wauza viazi, na Mama Qiao akitaka aje asikilize. Wewe utanijibu upendavyo. Ukitaka kukaa kimya njia nzima, kaa. Ukitaka kunizaba kofi, nizabe, nimenenepa, halitaniumiza. Lakini mzigo wako nitaubeba mimi.

Mama anakusalimu, amesema nisiandike kwamba analia. Kaka yako Maosheng anakusalimu kwa kupasua kuni. Dekun anakusalimu, na Xiaohe anasema, "Shangazi, njoo upesi, nyumba hii nina mama mkwe mmoja tu wa kubishana naye." Binamu yenu wa mjini naye salamu, na dereva wa trekta, yule yule, amesema akikuona hatachukua nauli.

Mbingu zikufungulie njia, theluji ikupishe, na mwaka wa Sungura ukukute umekaa kati yetu, si mbele ya mlango.

Mimi niliyekukosea na sijaacha kukupenda hata siku moja,

Wifi yako,
Guo Caiying